Malori sita na tungi la maji: kisa cha hidrojeni kwenye injini za dizeli

Kisa hiki kilitokea katika kampuni moja ya usafirishaji ya Dar es Salaam. Nimeondoa jina la kampuni, la muuzaji wa kifaa, aina ya malori na mwaka. Wahusika nawataja kwa kazi zao tu. Wenye kampuni wameridhia niandike, kwa sababu tangu wakati ule wamiliki wa mabasi, wa jenereta na hata wa boti za uvuvi wananiuliza swali moja: nikifunga kifaa cha hidrojeni, dizeli yangu itapungua na moshi utaisha? Mimi ni mhandisi wa mitambo. Niliitwa kama mtu wa nje, kazi yangu ikiwa kupima.

Kampuni na shida yake

Kampuni ilikuwa na malori 24. Yote yalikuwa vichwa vilivyonunuliwa vikiwa vimetumika Ulaya, vya kabla ya kiwango cha moshi cha Ulaya kiitwacho Euro 4, vyenye tabo (pampu inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) na injini za lita 12 hivi. Kazi kubwa ilikuwa kubeba makontena kutoka bandarini hadi mpakani Tunduma, kilomita zipatazo 930, na mengine yakipita Zambia hadi Lubumbashi, Kongo. Kurudi yalibeba shaba, au yalirudi matupu.

Mambo mawili yaliwabana kwa wakati mmoja. Dizeli ndiyo iliyokuwa ikila sehemu kubwa ya mapato ya kila safari. Na mteja wao mmoja wa migodini aliwaandikia wasafirishaji wake wote akitaka waonyeshe wanafanya nini kupunguza moshi na hewa ukaa. Asiye na majibu angekosa mkataba mpya.

Moshi wenyewe haukuwa suala la barua tu. Simama kwenye mlima Kitonga mchana, pale malori yenye mzigo yanapopanda kwa gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Wingu jeusi linatoka, linalala juu ya barabara, halipandi. Wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na madereva wa bodaboda wanaovuta pumzi nyuma ya malori yale wanalijua wingu hilo kuliko mimi ninayelipima. Mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo mwenye kampuni, mzee aliyeanza na lori moja akiliendesha mwenyewe, alipotafuta njia ya kuupunguza alikuwa na sababu nzuri kabisa. Nalisema hili mapema kwa kuwa visa vya namna hii husimuliwa kana kwamba mnunuzi alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na tatizo la kweli, na mtu akamletea jibu linaloshikika mkononi.

Siku ya maonyesho

Kifaa chenyewe ni rahisi kueleza. Kuna sahani za chuma cha pua zilizopangwa kama kurasa za kitabu, tungi la plastiki la maji, mpira mwembamba unaoingia kwenye njia ya hewa ya injini, na taa ya kijani kwenye dashibodi. Umeme wa lori unapita kwenye sahani, maji yanapasuka kuwa hidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinavutwa na injini pamoja na hewa. Ili maji yapitishe umeme, hutiwa kostiki potashi, ileile wanayotumia watengenezaji wa sabuni ya maji.

Muuzaji alichovya mpira wa gesi kwenye beseni la maji ya sabuni, mapovu yakajaa, akayasogezea kiberiti. Mlio uliotoka uliwafanya mafundi waliokuwa chini ya lori upande wa pili wa yadi watoke mbio. Mtu akishasikia mlio ule ukitoka kwenye maji, si rahisi tena kumwambia kwamba nguvu iliyomo ni ndogo.

Kikafuata kitambaa cheupe kwenye ekzosi. Kabla ya kifaa kuwashwa kilitoka cheusi, baada ya kuwashwa kilitoka cha kijivu. Mkuu wa gereji alikuwa amerekodi video kwa simu yake, nami niliiangalia baadaye mara kadhaa. Kitambaa cha kwanza kilifungwa injini ikiwa ndiyo kwanza imewaka, bado ya baridi. Cha pili kilifungwa baada ya injini kuunguruma karibu dakika 40. Injini ya dizeli ya baridi hutoa moshi zaidi hata usipoigusa. Sidai kwamba alikusudia kudanganya. Ninachosema ni kwamba kitambaa kilipima joto la injini, si hidrojeni.

Ahadi ilikuwa dizeli ipungue kwa asilimia 25 na moshi kwa asilimia 60. Wakakubaliana waanze na malori sita. Yakifanya vizuri mwezi mmoja, kampuni italipa nusu ya bei ya vifaa 18 vilivyobaki.

Mwezi wa kwanza

Kabla ya kufunga, muuzaji aliweka masharti. Kila lori libadilishwe oili na filta zote, nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini zitolewe zipimwe na mbovu zibadilishwe, hosi za tabo zikaguliwe kama zinavuja, matairi yajazwe upepo sawasawa, na tanki la dizeli lifungwe kufuli na lakiri ili matumizi yapimwe vizuri. Masharti ya busara yote. Ningependa kila lori nchini litimiziwe.

Mwezi ulipoisha, vitabu vilionyesha kwamba malori yale yaliyokuwa yakienda chini kidogo ya kilomita mbili kwa lita sasa yalikuwa yakienda 2.2. Moshi ulipungua, kila mtu aliuona. Mzee alifurahi, akalipa malipo ya awali ya vifaa 18.

Mtu mmoja tu hakutulia, naye ni mkuu wa gereji. Alimwambia, "Mzee, sibishi kwamba magari yamebadilika. Ninachouliza ni nini kimeyabadilisha." Mzee aliudhika, lakini hakumfukuza ofisini. Wiki mbili baadaye mteja wa migodini aliuliza swali hilohilo kwa barua: takwimu zimepatikanaje? Hapo ndipo nilipoitwa.

Uamuzi wa kusimama na kupima

Nilipofungua vitabu niliona kwamba kabla ya vifaa dizeli haikuwa ikipimwa, ilikuwa ikiandikwa. Lita zilizoandikwa ni zile zilizotolewa sheli, si zile zilizochomwa. Uzito wa mzigo haukuandikwa kabisa. Safari za kabla na za baada hazikuwa za njia moja, na nyingine zilikuwa za kurudi matupu. Katika hali hiyo hata ningetaka kumsaidia muuzaji nisingeweza.

Tulikuwa na njia tatu. Kuendelea kufunga vifaa 18 ili mkataba uheshimiwe, kuvunja mkataba papo hapo kwa kutegemea hesabu zangu za karatasi, au kusimama tupime kwanza. Mimi nilikuwa tayari nimefanya hesabu, na nitazionyesha chini, nami niliamini kifaa hakiwezi kufanya kinachodaiwa. Hata hivyo nilishauri tupime. Mzee alikuwa ameona kwa macho yake magari yamebadilika. Hesabu ya mhandisi haiwezi kumtoa mtu kwenye alichokiona. Na kama nimekosea, mteja angehitaji ushahidi. Mzee akakubali kusimamisha ufungaji kwa miezi mitatu. Muuzaji alilalamika, na kwa upande wake alikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu mkataba haukutaja kipimo chochote.

Tulipanga hivi. Malori manne kati ya sita yenye kifaa yangefanya jumla ya safari 16 za kwenda Tunduma yakiwa na mzigo, nusu kifaa kikifanya kazi na nusu kikiwa kimezimwa. Kukizima tulitoa fyuzi ya sahani, lakini taa ya kijani tuliiunganisha pembeni ili iendelee kuwaka. Madereva tuliwaambia mapema kwamba kuna safari kifaa kitazimwa, bila kuwaambia zipi, wakaridhia. Tanki lilijazwa hadi shingoni kwenye pampu moja, lori likiwa limeegeshwa mahali pamoja, na likajazwa tena vivyo hivyo mwisho wa safari. Uzito tuliuchukua kwenye risiti za mizani. Kila dereva alibaki na lori lake.

Pembeni yake tukachukua malori mawili ambayo hayakuwa yameguswa kabisa. Tuliyapima kwanza yakiwa na uchafu wao, kisha tukayafanyia masharti yaleyale ya muuzaji, filta, nozeli, hosi, upepo na lakiri, bila kifaa, tukayapima tena.

Moshi tuliupima kwa mashine ya kuazima, ile inayopitisha mwanga kwenye moshi na kutoa namba ya k, inayopanda kadiri moshi unavyokuwa mzito. Injini ikiwa ya moto, unakanyaga mafuta mpaka mwisho ghafla, mara kadhaa, unachukua wastani. Ulaya, kwa injini zenye tabo za umri ule, ukomo wa kawaida ni 3.0.

Tulichokipata

Malori mawili yasiyoguswa yalienda wastani wa kilomita 1.97 kwa lita, na k yake ilikuwa 3.8 kwa moja na 3.5 kwa jingine. Baada ya matengenezo, bila tone la hidrojeni, yalienda 2.19, na k ikashuka hadi 1.6 na 1.7. Kwenye lori moja filta ya hewa ilipogongwa chini ilitoa vumbi jekundu la kutosha kujaza kopo la maziwa. Hosi ya tabo ya lori la pili ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole uliofunikwa na oili, hauonekani mpaka uikunje.

Malori yenye kifaa yalienda wastani wa 2.21 kikiwa kimewashwa na 2.20 kikiwa kimezimwa. Safari moja moja zilitofautiana kutoka 2.06 hadi 2.37, kutegemea mzigo, mvua, na foleni ya kutoka Dar. Tofauti ya 0.01 imezama humo, haina maana yoyote. Moshi haukuonyesha tofauti ya kuaminika kifaa kikiwashwa au kikizimwa.

Kitu kimoja kilinigusa. Dereva mmoja, mtu mzima mwenye miaka mingi barabarani, alinipigia simu kutoka Tunduma: "Injinia, leo gari limepanda Kitonga kama halina mzigo. Hiki kitu kinafanya kazi." Fyuzi ilikuwa mfukoni mwa mkuu wa gereji. Dereva hakudanganya. Mtu akiamini gari lake limekuwa jepesi, hulikanyagia taratibu, hubadilisha gia mapema, na gari huwa jepesi kweli. Imani yake ilikuwa ikichoma dizeli kidogo.

Mkono wa tingo

Zilifanyika safari 14, si 16, saba kifaa kikiwa kimewashwa na saba kikiwa kimezimwa. Hii ndiyo sababu.

Maji kwenye tungi hupungua, na huongezwa maji yaliyochujwa. Njiani, mjini Makambako, tingo (msaidizi wa dereva) wa lori moja aliona maji yako chini ya alama. Akaenda duka la spea akaomba maji ya betri. Kila mtu anayefanya kazi na magari anajua kwamba jina hilo wengine hulitumia kwa maji safi ya kuongezea, na wengine kwa asidi yenyewe. Muuza duka alimpa asidi. Kijana akaimimina kwenye tungi lenye kostiki.

Asidi na kostiki zikikutana hutoa joto kali kwa ghafla. Tungi lilirusha povu la moto likamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia kiganja hadi kiwiko, na shingoni. Alikuwa amegeuza uso kumjibu dereva, ndiyo maana macho yake yalipona. Dereva alichukua dumu la maji ya kunywa akammwagia bila kuacha mpaka likaisha, akachukua jingine. Daktari alisema baadaye kwamba maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono. Kijana alipona, lakini kovu lipo.

Siku hiyohiyo niliamuru vifaa vyote vifunguliwe. Kwenye malori mawili tulikuta ukoko mweupe ndani ya hosi inayotoka kwenye kipoza hewa cha tabo, na alumini yake imeanza kuliwa, imejaa vitundu vidogo kama uso wa andazi. Tungi likijazwa kupita kiasi, gesi hubeba matone ya kostiki hadi kwenye injini. Kostiki hula alumini, na kipoza hewa ni alumini, pistoni ni alumini. Kifaa kilichonunuliwa kuisafisha injini kilikuwa kimeanza kuitafuna.

Kampuni iliamua nini

Vifaa vyote sita vilitolewa. Muuzaji, baada ya mazungumzo marefu, alirudisha sehemu ya malipo ya awali, na iliyobaki ilipotea. Mzee alitaka kwenda mahakamani. Mwanasheria wake alimwonyesha kwamba mkataba haukusema popote asilimia 25 ya nini, ikipimwaje, na nani.

Fedha iliyookolewa ilinunua mashine ya kupimia nozeli, vipimo vya kuonyesha filta ya hewa imeziba, kompresa nzuri ya upepo, na kufuli za matanki kwa malori yote. Mashine ya moshi walinunua kwa kushirikiana na kampuni nyingine mbili. Mwaka mmoja baadaye wastani wa malori yote 24 ulikuwa 2.17 na k ilikuwa chini ya 2.0 isipokuwa kwa malori mawili yaliyosubiri kufunguliwa injini. Mteja wa migodini alipokea rekodi za lita kwa tani na vyeti vya moshi, na mkataba ukaendelea.

Hesabu ambayo ingefanywa siku ya kwanza

Kifaa kilitoa lita moja ya gesi kwa dakika. Ndivyo kilivyoandikwa, na tulipokipima kilitoa karibu na hapo. Theluthi mbili yake ni hidrojeni. Safari ya Tunduma ina kama saa 20 za injini kufanya kazi, kwa hiyo safari nzima inapata lita 800 za hidrojeni. Zinasikika nyingi. Lakini hidrojeni ndiyo gesi nyepesi kuliko zote: lita 800 zina uzito wa gramu 70 hivi. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati ya megajuli 120, na lita moja ya dizeli ina megajuli 36. Gramu 70, kwa hiyo, ni sawa na dizeli ya chini ya robo lita. Haijazi chupa ya soda. Lori linachoma lita 423 katika safari hiyohiyo.

Na hiyo chupa ya soda si ya bure. Sahani zilivuta ampea 8 kwa volti 27, ambazo ni wati 216. Umeme huo unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini inazungushwa na dizeli. Kila hatua inapoteza. Ukirudi nyuma hadi tankini, unakuta umechoma karibu lita mbili za dizeli ili upate hidrojeni yenye thamani ya robo lita. Hakuna ufundi wa kufunga waya utakaogeuza hesabu hiyo, kwa sababu kupasua maji kunadai nishati ileile, au zaidi, utakayoipata ukiyaunganisha tena kwa moto.

Muuzaji alikuwa na jibu, na jibu lake linastahili kusikilizwa. Alisema hidrojeni hapa si mafuta, ni kichocheo: inaifanya dizeli iungue yote. Katika maabara ni kweli hidrojeni ikichanganywa na hewa ya injini ya dizeli huharakisha moto na hupunguza masizi. Swali ni kiasi gani. Injini ya lita 12 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huvuta lita 9,000 za hewa kila dakika hata kabla ya tabo kuongeza. Ukiweka humo theluthi mbili ya lita ya hidrojeni, ni chini ya sehemu moja katika 10,000. Hidrojeni haiwezi kushika moto hewani mpaka ifikie asilimia 4.

Zaidi ya hapo, injini ya dizeli iliyo nzima tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya mafuta yake. Masizi yanaonekana mengi kwa sababu ni meusi, na chembe chache nyeusi zinatosha kuziba mwanga, lakini kwa uzito ni kidogo sana. Hakuna asilimia 25 iliyolala kwenye ekzosi ikisubiri kuokotwa. Nishati inayopotea inapotea kama joto, kwenye rejeta na kwenye bomba.

Hidrojeni ya kweli kwenye dizeli

Baadhi ya wasomaji watatoka hapa wakidhani hidrojeni kwenye injini ya dizeli ni utapeli. Sitaki wafike huko. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walionyesha injini ya dizeli iliyofungwa mfumo wa kudungia hidrojeni moja kwa moja ndani ya silinda, ambapo asilimia 90 ya nishati ilitoka kwenye hidrojeni. Hewa ukaa ilishuka hadi gramu 90 kwa kila kilowati-saa, upungufu wa karibu asilimia 86. Ubelgiji, tangu 2017 kulikuwa na boti ndogo ya abiria iitwayo Hydroville yenye injini zinazochoma dizeli na hidrojeni pamoja. Injini kubwa za meli za namna hiyo, zinazotumia hadi asilimia 85 ya hidrojeni, zilifuata mwaka 2020.

Dizeli haiondoki yote, kwa sababu hidrojeni inahitaji joto la karibu nyuzi 585 kuwaka yenyewe wakati dizeli huwaka kwa chini ya nusu ya joto hilo. Dizeli kidogo hudungwa kwanza kama kiberiti, kisha hidrojeni inashika. Kuna gharama nyingine: moto wa hidrojeni ni mkali, na usipodhibitiwa oksidi za nitrojeni hupanda, nazo huumiza mapafu. Ndiyo maana kazi kubwa ya watafiti wale ilikuwa namna na wakati wa kudunga, si kupata hidrojeni tu.

Mzee aliniuliza, basi na sisi tungehitaji nini? Nilimpigia hesabu ya asilimia 30 tu ya nishati ya safari ya Tunduma. Ni kilo 38 za hidrojeni, mahali pa gramu 70. Kuitengeneza kwa umeme na maji ni karibu yuniti 2,000. Kuibeba kwa mgandamizo wa bar 350 kunahitaji mitungi yenye ujazo wa zaidi ya lita 1,500. Na ukiinunua ile inayotengenezwa kwa gesi asilia, kama ilivyo sehemu kubwa ya hidrojeni duniani leo, kila kilo imeacha kilo 9 au zaidi za hewa ukaa kiwandani. Kilo 38 zinaleta kilo 340 na kuendelea. Dizeli iliyookolewa, lita 127, ingetoa kilo 340. Umeitoa hewa ukaa barabarani ukaipeleka kiwandani. Faida ya kweli inakuja umeme ukiwa wa maji, jua au upepo.

Matengenezo ya kawaida, kwa kulinganisha, yaliokoa lita 47 kwa kila safari kwenye malori yale mawili, ambazo ni kilo 126 za hewa ukaa, na masizi zaidi ya nusu.

Kilichofaa na tulipokosea

Fyuzi iliyofichwa ndiyo iliyomaliza ubishi. Mzee hakushawishiwa na megajuli zangu hata kidogo. Alishawishiwa na karatasi yenye safari 14 na simu ya dereva wake mwenyewe. Malori mawili yasiyo na kifaa nayo yalisaidia, kwa sababu yalijibu swali la mkuu wa gereji moja kwa moja: magari yalibadilishwa na filta, nozeli, upepo na kufuli. Kufuli sijui ilichangia kiasi gani na sikutaka kuchunguza madereva.

Safari 14 ni chache. Kama kifaa kingeokoa asilimia moja, tusingeiona. Asilimia 25 isingeweza kujificha.

Makosa yetu ni zaidi ya hayo. Kupima kulipaswa kuwa ndani ya mkataba kabla ya senti kutoka, na namba za kabla ya kifaa zilipaswa kuchukuliwa baada ya matengenezo, si kabla yake. Muuzaji tulipaswa kumwita akubali njia ya kupima kwa sahihi yake. Tulipomletea majibu aliyakataa, akisema kutoa fyuzi kuliharibu sahani, na kwa kuwa hakuwepo hatukuwa na la kumwonyesha. Leo bado anauza vifaa hivyo.

Kosa zito zaidi ni langu. Nilikagua waya, fyuzi, hosi na lakiri za matanki, nikaandika maelekezo ya kurasa tatu ya namna ya kujaza dizeli. Tungi lenye kostiki nililipita. Sikuuliza nani ataongeza maji, ataongeza maji gani, atayanunua wapi. Dumu moja la maji yaliyochujwa kwa kila lori, lenye alama, na glavu za mpira chini ya kiti, vingetosha. Tingo yule sasa yuko gereji, anajifunza ufundi wa nozeli chini ya mkuu wa gereji, na nikifika hunyoosha mkono wa kulia kunisalimia.